Hoteli Papa yaomba kutua

Juzi, uwanja wa ndege wa Tabora, nilisimama na mama mmoja aliyengoja ndege ndogo ya mtu binafsi. Mwanawe alikuwa ndani ya ndege hiyo, ametoka kupasuliwa, na wingu zito lilishaziba upande wa Kigwa.

Redio ya mhudumu wa uwanja aliyesimama karibu ikakoroma: "Tabora, Faivu Hoteli Papa..."

Mama akashika kiuno. "Mimi roho juu, wao wako hotelini wanakula papa!"

"Hilo ni jina la ndege, mama," nikamwambia. "Rubani anajitambulisha, kila herufi ina neno lake: H ni Hoteli, P ni Papa. Wanaomba kutua."

Wakatua salama. Mama akamkumbatia mwanawe, machozi yakimtoka.

"Shikamoo, mama," rubani akamwamkia.

"Marahaba, baba. Na papa mmenibakizia?"

Wenye ndege, ombeni herufi zisizolika. Sisi tunaowangoja huku chini huwa hatujala.