Baba Yetu, kwa Lugha ya Nyumbani

Kazi ya kanisa duniani ni nini? Swali hilo lilinikuta nina miaka saba, muda mfupi baada ya uhuru, katika kanisa letu la udongo karibu na Magwagwa, lenye harufu ya sakafu iliyopakwa samadi mbichi siku ya Ijumaa na ya magauni yaliyopigwa pasi ya makaa. Sikuwa na Kiswahili cha kujibia. Aliyeuliza alikuwa mchungaji mgeni kutoka Upareni, mtu mpole asiyejua Ekegusii hata cha kuombea maji. Shangazi Kerubo, mwalimu wetu wa kanisani, alisimama kando yake akitafsiri. Watoto watakaojibu vyema wangekwenda kuimba kwenye makambi, ile mikutano mikubwa ya Agosti, kule kilimani Nyanchwa, ambako mtu aliuona mji wa Kisii wote. Watakaoshindwa wangebaki kufukuza kuku kwenye wimbi lililoanikwa. "Moraa," kaka yangu Ombati alininong'oneza, "wewe utawaimbia kuku. Wafundishe sauti ya pili."

Nilikuwa mtoto wa maswali. Nilikwisha kuuliza kwa nini ng'ombe hawajui Sabato, maana walitaka kukamuliwa siku hiyo pia. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini wahenga hawakuketi katika darasa la Shangazi. Jambo moja tu sikuliuliza, kwa kuwa kwangu lilikuwa wazi: Mungu ni mwanamke. Kwetu, kwa Ekegusii, mama ndiye huitwa baba; mzazi wa kiume huitwa tata. Basi wazee walipoanza "Baba yetu uliye mbinguni" kwa Kiswahili cha wageni, mimi nilimwona mama, mkubwa kuliko wangu, kafunga leso kiunoni. Shangazi alitueleza maneno yaliyofuata, akaliruka hilo la kwanza kwa kuliona jepesi, na yote yakalingana. Tata alikuwa Kericho kwenye mashamba ya chai, akija mwisho wa mwezi. Chakula cha kila siku kilitoka kwa nani? Makosa yetu alitusamehe nani, tena kabla ugali haujapoa?

Siku chache kabla ya swali lile nilikuwa nimepotea sokoni. Mwuza ndizi mmoja aliziacha ndizi zake, akanishika mkono, tukazunguka mpaka tukamwona mama. Kwa hiyo mchungaji aliponigeukia, nilijibu kwa Ekegusii kwamba kazi ya kanisa ni kuwashika mkono waliopotea na kuwapeleka kwa baba. Shangazi alinyamaza kidogo, akanitazama, kisha akatafsiri. Mchungaji akapiga makofi. "Amina! Binti huyu ameielewa Injili!" Nikaenda Nyanchwa. Ombati akabaki na kuku.

Kiswahili nilikuja kukijifunza shuleni, nikacheka peke yangu dawatini. Leo nimetoka chuo kikuu, na hata "amina" siitamki kabla ya kuipima. Kanisa letu lina mabati, mchungaji ni mwana wa kwetu, na sala husaliwa kwa Ekegusii: "Tata oito." Watoto hawawezi kukosea tena, nami huwaonea huruma. Agosti iliyopita, tukimenya ndizi, nilimwuliza Shangazi kwa nini siku ile alinyamaza.

"Kuna neno lako moja sikulitafsiri," alisema. "Nililiacha lilivyo."

"Ulijua nilimaanisha mama?"

"Nilijua, mwanangu," akasema, akiokota ndizi nyingine. "Hata mimi nilibatizwa nikiamini hivyo."