Marahaba Iliyotokea Mlango wa Jikoni

Mwaka ule nilikuwa nakaa kwenye karasha la mama mmoja, nje kidogo ya mji wa Geita, nalala stoo pamoja na viroba vitupu na kompyuta kuukuu. Karasha ni mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, na mchanga unaobaki baada ya kusaga tunauita marudio. Likiwashwa, hata meno yako yanatetemeka. Kazi yangu haikuwa na jina. Niliachia shule kidato cha pili, nikawa utingo wa malori, nikachimba, nikatengeneza simu Buseresere, na kila mahali niliondoka pale nilipoanza kujua kesho nitafanya nini. Ile kompyuta niliitoa hukohuko Buseresere. Mwenye duka alitaka kuitupa. Niliifuta, nikaiwekea mfumo wa Linux, nikaishi nayo kama mtu anavyoishi na mbuzi mkorofi, mpaka tukaelewana.

Mwenye karasha alikuwa mjane aliyeishi Kolandoto, karibu na hospitali, kwa sababu ya mguu wake. Msimamizi alikuwa mkwilima wake, yaani mume wa binti yake. Mama yule alishika mila za Kisukuma kama alivyozikuta: mama mkwe na mkwilima hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawapigi soga. Wakikaribia kukutana njiani, mmoja anakumbuka ghafla kitu alichosahau porini. Simu nayo waliihesabu kuwa ni mdomo tu uliorefushwa. Kwa hiyo maneno yao yote yalipitia kwa binti, na binti wakati huo alikuwa Mwanza anasomea ukunga, simu yake inashinda imefungiwa kabatini.

Ndiyo maana mama akanunua kamera. "Kamera si mtu," aliniambia. "Kamera naweza kuiangalia."

Nilizifunga mimi. Picha zilikusanyika kwenye kisanduku kimoja ofisini. Intaneti iliingia kwa dishi, ikapita kwenye kompyuta yangu, na kompyuta ikawa kama mlinzi wa geti: kila kilichomo ndani kinatoka nje kwa anwani yake moja, na simu ya mama ikija kugonga mlango tuliokubaliana, inapelekwa kwenye kisanduku. Mimi ni mzaliwa wa Bukombe, sikuhitaji kitabu kulielewa hilo. Kijiji chetu kizima kilitumia sanduku la posta la parokia. Barua zote zilikuja kwa namba moja, na katekista, baada ya misa, ndiye aliyejua ipi ni ya nani. Kompyuta yangu ilikuwa katekista.

Masika nzima mama aliangalia karasha lake akiwa kitandani, mkwilima akishinda ofisini kusikofika kamera, na maisha yalikuwa matamu. Kisha asubuhi moja akapiga simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, karasha langu limekufa?"

Nilikuwa nimesimama kando yake, napiga kelele ili nisikike. "Halijafa mama! Husikii?"

"Nasikia. Sioni. Kuna kaduara tu kwenye simu, kanazunguka kama kuku aliyechinjwa."

Nikamfuata mkwilima ofisini. Alikuwa na simu mkononi, anaangalia picha safi, wachimbaji wanamimina mawe, mpaka majasho yao yanaonekana.

"Mama haoni," nikamwambia.

"Mbona mimi naona?"

Nikarudisha taarifa Kolandoto.

"Kwa hiyo yeye anaona, mimi sioni."

"Ndiyo mama."

"Karasha ni la nani?"

"Lako mama."

"Yaya! Hapana! Mwambie mkwilima, Jumapili ikifika sijaona, namtuma kaka yangu aje achukue funguo."

Huyo kaka aliwahi kumsimamizia mashine ya kukoboa mpunga kule Tinde, mpaka ikabaki sakafu. Kwamba mama alikuwa tayari kumrudia yeye, ilionyesha hasira imefika wapi. Nilipomfikishia mkwilima ujumbe, alikaa chini juu ya kiroba.

"Ananiona mwizi, fundi. Na ng'ombe wangu je?"

"Ng'ombe gani tena?"

"Wa mahari. Akininyang'anya funguo leo, kesho ananirudishia ng'ombe. Mimi sitaki ng'ombe, namtaka mke wangu."

Nikaingia kazini. Kwanza nikahakikisha kompyuta bado inakubali kupitisha vitu kutoka upande mmoja kwenda mwingine, ilikubali. Nikaangalia kanuni ya kupeleka wagongaji kwenye kisanduku. Ilikuwepo, na kila mama alipogonga, hesabu yake iliongezeka. Nikafungua tcpdump, programu inayoonyesha kila kinachopita kwenye waya, mbea aliyekaa dirishani.

"Gonga, mama."

"Nagonga."

Nikamwona akiingia. Nikamwona akielekezwa kwenye kisanduku. Baada ya hapo, kimya. Hakuna kilichorudi.

"Gonga tena."

"Nimegonga mpaka kidole kina malengelenge. Nyumba hii ina watu kweli?"

Nikabadilisha waya. Nikazima kisanduku, nikakiwasha, nikakitukana kidogo. Kila nilipokiita kutoka kwenye kompyuta yangu kiliitikia papo hapo, kwa heshima zote. Kilinijibu mimi, kilimjibu mkwilima, ila mama wa watu kilimnyamazia. Hata mimi nikaanza kumwangalia mkwilima kwa jicho la pembeni.

Mama naye alikuwa na vipimo vyake. "Muulize mkwilima amegusa nini."

Nikaenda. "Mama anauliza, umegusa nini?"

Mkwilima akakunja mikono, akatazama chini, akasema taratibu, "Nimesikia." Basi.

"Amesemaje?" mama akauliza.

"Amesema amesikia."

"Na jibu?"

"Hakutoa."

Kesho yake nikatumwa tena, swali lilelile. Mikono ikakunjwa tena, macho chini. "Nimesikia."

"Unaona?" mama akasema. "Mwizi hana maneno."

Jumamosi uvumilivu ukaniisha. Nilimkuta mkwilima anaosha uso kwenye ndoo. Nikamwambia, "Kaka, leo sikutumwa na mtu. Nauliza mimi, kwa shida zangu mwenyewe. Umegusa nini humu ndani?"

"Mimi?" akajifuta uso. "Si nilinunua ile ruta ndogo ya intaneti, ya laini ya simu, ya kuangalia mpira. Kijana wa dukani akaja kuifunga, akasema ataelekeza kila kifaa kitokee huko, kuna kasi zaidi. Kwani kuna ubaya?"

"Mbona mama alipouliza hukusema?"

Yeye ndiye aliyeshangaa. "Sikusema? Nimejibu siku ileile! Nimemwandikia mke wangu amwambie mama yake. Swali la mama mkwe jibu lake linapitia kwa mke. Nikupe wewe, wewe ni nani?"

Na mke simu yake imo kabatini, Mwanza.

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Mama anauliza kupitia kwangu. Mkwilima anajibu, tena kwa adabu, ila kwa njia nyingine. Mama amekaa upande wa swali anasubiri, anahesabu kimya kuwa ni wizi. Ni kama mgeni aliyesimama sebuleni akatoa shikamoo. Ndani wameisikia, wameitikia marahaba, lakini kwa mlango wa jikoni, imewaangukia kuku. Mgeni anaondoka anasema nyumba ile haina adabu.

Kisha kicheko kikakatika katikati, nikakimbilia ofisini.

Kisanduku nacho kilikuwa kinajibu. Swali la mama liliingia kwa kompyuta yangu, likakifikia, kikaandaa picha vizuri, halafu kikafuata maelekezo ya kijana wa dukani: chochote kinachokwenda mbali kitokee kwenye ile ruta ya mpira. Mbea wangu dirishani asingeweza kuliona jibu, alikaa dirisha la mbele. Na simu ya mama, iliyogonga kwangu, isingepokea jibu kutoka kwa mtu isiyemjua. Mimi na mkwilima tulijibiwa kwa sababu tulikuwa humohumo ndani. Kwa jirani hakuna haja ya kupita mlango wowote.

Dawa ilikuwa kukirudishia kisanduku mlango wake wa zamani. Lakini kijana wa dukani alikiwekea nywila, na mwenyewe alishahamia machimbo mapya yaliyokuwa yanavuma, hapatikani. Nikakaa, nikajiuliza nimempataje mkwilima akanijibu. Nilimpata nilipouliza kwa jina langu.

Basi nikaongeza kanuni moja, ya mstari mmoja: kila swali linalotoka nje kwenda kwenye kisanduku, kompyuta ilifunike kwanza na kuliuliza kama swali lake yenyewe. Kisanduku kikadhani anayeuliza ni jirani. Kikamjibu jirani. Na jirani, anayekumbuka nani kamtuma, akapeleka jibu Kolandoto.

"Gonga, mama."

Mbea akaonyesha swali linaingia, na kwa mara ya kwanza wiki ile, mzigo mzito unarudi.

"Naliona!" mama alipiga kelele kushinda karasha. "Naliona! Mawe yale. Marudio yale. Na yule mwanamume aliyevua shati, anakula muhogo, ni nani?"

Nikageuka. Chini ya kamera ya katikati, mkwilima, aliyejua kwamba mama haoni, alikuwa amejiegemeza kwenye nguzo, kifua wazi, kipande cha muhogo wa kuchoma kimejaza shavu.

"Mama, yule ni..."

"Usiseme," akasema, akakata simu.

Baada ya muda akapiga tena, sauti imetulia kama ya mtu aliyetoka kusali. "Mwambie mkwilima nimeliona karasha. Yeye sikumwona."

"Na kaka yako, mama? Na funguo?"

"Funguo zipi? Kaka yangu ana shughuli zake Tinde. Ila mwambie avae shati."

"Si umesema hukumwona?"

"Sikumwona hana shati."

Nilipomfikishia hayo, mkwilima alivaa shati mbio mpaka vifungo vikapishana. Kisha akaomba nimwonyeshe jicho la kamera linaishia wapi. Akachukua chokaa, akachora mstari sakafuni. Toka siku hiyo aliendesha karasha lile akiwa ng'ambo ya mstari, anaelekeza watu kwa mikono, na akitaka kwenda getini anazunguka nyuma ya kilima cha marudio. Njia ikachimbika pale, nyembamba, kama ya ng'ombe.

Kabla sijaondoka, maana nilikuwa nimeanza kuijua kesho yangu, nilimwuliza mama kama nigeuze kamera kidogo, ili mkwilima apate nafasi ya kupita.

"Acha ilivyo," akasema. "Kuna kofia huwa naiona inapita juu ya yale marudio, asubuhi na jioni. Nikiiona najua kazi inakwenda."

"Hiyo si yake, mama?"

"Kofia si mtu, mwanangu."