Nilivyofuga maji matupu Voi, mama mkwe akayafuata na sabuni

Wakuu, salamu kutoka Voi. Haya yalinipata mimi mwenyewe miaka ya themanini, na sijatia chumvi hata punje.

Nilikuwa na aquarium, lile tangi la kioo la samaki, sebuleni. Samaki wa kwanza walikufa wote kwa sababu maji yalikuwa mapya. Jamaa yangu wa Mombasa akanifungua macho: tangi linataka bakteria wa kula uchafu wa samaki, na hao hukaa kwenye sponji ya pampu na kwenye kokoto.

Alikuwa ananiletea samaki wengine kwa treni. Kazi yangu ni kuweka bakteria hai mpaka samaki hao wafike.

Basi nikawa nalisha maji. Natupia kipande cha omena, yaani dagaa, kioze bakteria wapate chakula, pampu inanguruma usiku na mchana. Mke wangu Wakesho alisema afadhali ningefuga kuku wasiokuwepo, hao hawanuki.

Siku ya treni, mama mkwe akaja kututembelea kutoka Mwatate. Wakesho akaenda sokoni. Mimi nikatoka nje, maana kwetu enzi hizo mtu na mama mkwe hawakai chumba kimoja wala kuongea ana kwa ana.

Dirishani nikaona sponji yangu iko kwenye beseni la sabuni ya unga. Ameisugua mpaka imerudi rangi ya dukani! Sasa anakunja mkono wa nguo achote kokoto.

Kuongea siwezi. Kunyamaza siwezi.

Jogoo wetu alikuwa anapita.

"Wee jogoo! Hizo mawe ziachwe! Huo uchafu ndio nafuga!"

Sauti ya mama ikatoka ndani: "Jogoo, hebu uliza mwenye nyumba, samaki wako wapi?"

"Jogoo, wanakuja na treni! Mawe zikioshwa watakufa kama wale wengine!"

"Haya. Mwambie nimeacha. Lakini hii nyumba inanuka."

Kokoto zilituokoa. Samaki walifika, na hakufa hata mmoja.

Tangu hapo, mama akija alikuwa anasimama mbele ya tangi: "Samaki, ambieni baba yenu chai iko tayari." Nami nawajibu samaki. Tuliongea hivyo miaka yote, na nilimpenda sana yule mama.

Tulipotoka kumzika, nilisimama mbele ya tangi nikawaambia samaki wamwambie asante. Nikangoja jibu kama mjinga, wakuu, kisha nikalia.

Funzo: tangi likiwa tupu, lisha bakteria, usizime pampu, na sponji isuuze kwa maji ya tangi lenyewe. Sabuni peleka kwa sahani.

Na kama una mkwe msiyeongea, tafuteni jogoo mapema. Mafundi wa aquarium na wenye wakwe wakali, uwanja ni wenu.