Kuiua Filimbi ya Kwini

Siku ya kwanza kazini nilipewa buti za mpira za kiume, aproni na ufunguo wa friza. Aliyenipokea alikuwa msimamizi wa jiko la samaki, mama wa Kisotho mwenye sauti ya chini, akaniuliza swali moja tu: unaogopa samaki? Nikacheka. Mimi ni mtu wa Buyenzi, Bujumbura. Kabla ya vita nilikuwa nauza mukeke na ndagala, samaki wa ziwani, sokoni, na mikono yangu ilinuka samaki kabla sijaolewa. Akasema sharp, yaani sawa, ingia basi. Ndivyo nilivyoanza kazi niliyoifanya mpaka nikazeeka, katika bustani ya wanyama ya mtu binafsi kusini mwa Johannesburg, mahali ambapo ukisimama getini unaona vilima vya njano vya mchanga wa migodi, na bahari iko mbali, safari ya siku nzima.

Vijana wetu wa Berea, mtaa tunaoishi hapa mjini, wameniomba niandike, kwa kuwa wachache wao sasa wanapata kazi za wanyama. Mimi shule niliishia la sita. Nikikosea jina la kitu mnisamehe, na nikimsema mtu, kumbukeni hayupo hapa kujitetea.

Mnyama wetu mkubwa alikuwa sili. Kwa wasiomjua, sili ni mnyama wa baharini mwenye manyoya, masharubu kama ya paka, na mikono iliyopigwa bapa kama makasia. Jina lake lilikuwa Kwini. Aliokotwa ufukweni kule magharibi akiwa mtoto, mama yake hakuonekana, akaletwa kwetu juu huku kwenye vumbi. Alipata kujua kuhesabu hadi tatu kwa kubweka, kupiga makofi, na kuwapungia watu mkono. Watoto wa shule walikuwa wanajaa kumwona.

Jikoni nilijifunza kuwa samaki wa mnyama si kama samaki wa mtu. Sadini wanatolewa kwenye friza jana yake na kuwekwa kwenye friji wayeyuke polepole, kamwe si kwa maji ya moto. Barafu inaua vitamini, kwa hiyo kila asubuhi unachukua samaki mmoja mnene na kumsukumia kidonge ndani ya matamvua, pale anapopumulia, halafu huyo ndiye anayetangulia kuliwa. Samaki mwenye tumbo lililopasuka unamtupa. Msimamizi alikuwa akisema, kile ambacho wewe mwenyewe hungekila, usimpe asiyeweza kulalamika. Niliona ni maneno ya haki, ingawa siku nyingine mimi nilikuwa naenda nyumbani kula pap, ugali wa huku, na majani matupu.

Kutoka jikoni nikahamishiwa kwenye maji. Kazi hiyo ilikuwa ya kutengeneza bahari. Unamimina magunia ya chumvi ndani ya tangi, unakoroga na mashine, unatumbukiza kipima-chumvi, kile kijiti cha kioo kinachoelea, unasoma mstari. Chumvi ikiwa hafifu macho ya sili yanaumia. Umeme ukikatika, na mnajua jinsi unavyokatika, vichujio vinasimama na bahari yako inaanza kuoza. Baridi ya Julai nilikoroga huku vidole vimekufa ganzi. Nilikuwa najiuliza kama kuna ujinga mkubwa kuliko huu, kubeba bahari kwenye magunia. Lakini Kwini alikuwa anakuja ukingoni kuniangalia, na mimi nilikuwa namsemesha Kiswahili, kwa sababu nyumbani wajukuu wananijibu kwa Kizulu.

Mkufunzi mkuu ndiye aliyenitoa hapo. Alikuwa Mzungu mrefu, mkali, asiyependa maneno, na sikuwahi kumwona akimpiga mnyama. Aliona Kwini ananifuata, akaniomba kwa meneja niwe msaidizi wake. Siku hiyo alinivalisha filimbi shingoni na kunieleza kazi yake. Sili akifanya ulichotaka, unapuliza palepale. Filimbi inamwambia: ndiyo hicho, samaki anakuja. Wakufunzi wenyewe waliiita daraja, kwa kuwa inaunganisha tendo na chakula. Kuna sheria moja tu, naye aliisema akinitazama usoni.

"Mama Zai, ukipuliza, unatoa. Hata ukipuliza kwa makosa, unatoa. Siku utakayopuliza na mkono mtupu, umemdanganya, na yeye hana mahali pa kwenda kukushitaki."

Niliishika sheria hiyo kwa miaka mingi. Mara moja nilipiga chafya filimbi ikiwa mdomoni, ikalia, Kwini akaja mbio kudai, nikampa sadini wawili. Mkufunzi alicheka mpaka akakaa chini. Ndiyo mara pekee niliyomwona akicheka.

Halafu mambo yakabadilika. Mwenye bustani alifariki na watoto wake wakataka kuiuza ardhi. Getini walianza kusimama watu wenye mabango, wakisema mnyama wa bahari kufungwa Johannesburg ni dhambi. Asubuhi moja dada mmoja kijana aliniita askari wa jela. Nilikasirika. Lakini usiku ule nililipima bwawa kichwani. Bwawa lile Kwini alilimaliza kwa kupiga miguu mara chache tu, hata mimi nisiyejua kuogelea niliona ni dogo.

Akaja mtaalamu wa bahari, mama mmoja mpole kutoka pwani, akakaa nasi wiki kadhaa. Alisema Kwini bado ana nguvu, anaweza kurudi kwa wenzake. Lakini lazima kwanza aache kutegemea watu, kwa sababu sili anayefuata watu hugongwa na mashua au huchokwa na wavuvi, na wavuvi wana bunduki. Ajifunze kukamata samaki hai. Asisikie sauti zetu. Na filimbi, alisema, lazima ife. Mtu apulize asitoe kitu, tena na tena, mpaka mlio ule usiwe na maana yoyote kwake.

Mkufunzi mkuu alikataa. Hakufoka. Alisema hajawahi kumdanganya mnyama yule na hataanza uzeeni. Meneja akamwambia hilo ndilo litakalomwokoa. Akajibu, "Inawezekana. Mtafute mwingine." Wote wakanigeukia mimi.

Sisemi nililazimishwa. Meneja aliniuliza vizuri, na mtaalamu alinieleza hadi nikaelewa. Nilikubali kwa kuwa niliamini, na hata leo siwezi kusema alikosea.

Nikawa nasimama ukingoni kila siku, ndoo ya samaki haipo nyongani. Napuliza. Siku za mwanzo Kwini alitoka majini kwa furaha, akaja kukaa mbele yangu, akaangalia mkono. Mkono mtupu. Nilikatazwa kusema neno. Akasubiri. Kisha akadhani amekosea, akaanza kutafuta kosa lake. Akapunga mkono. Akapiga makofi. Akabweka mara tatu. Akajizungusha, akalala chali, akarudia yote kuanzia mwanzo, bila mtu kumwagiza, na kila akimaliza moja anaangalia mkono wangu. Mtaalamu alikuwa ameniambia hilo litatokea, kwamba kitu kinachokaribia kufa hufurukuta. Alikuwa sahihi. Lakini yeye alikuwa anatazama kupitia tundu la pazia, mimi nilikuwa natazamwa.

Chakula alipata, msifikiri tulimfisha njaa. Samaki hai walimiminwa kwa bomba kutoka nyuma ya ukuta ili asione mtu. Mwanzoni aliwachezea kama mipira, baadaye akawa anawala. Na ikafika siku nikapuliza, yeye akabaki majini. Aligeuza kichwa, akanitazama, akazama. Wakubwa wakashikana mikono. Meneja akaniambia, kazi nzuri sana, Mama. Nikaenda kuosha ndoo ambayo haikuwa chafu.

Tulimsafirisha kwa lori, ndani ya sanduku lenye matundu, hadi pwani ya magharibi. Ndiyo mara yangu ya kwanza kuiona bahari ambayo sikuikoroga. Kuna mwamba mkubwa kule umejaa sili, wanapiga kelele na kunuka kuliko soko la Buyenzi. Sanduku likafunguliwa kwenye mchanga. Kwini alitoka, akanusa upepo, akaingia majini bila kugeuka. Watu wakalia kwa furaha. Mgongoni walikuwa wamembandika kidude cha kuwaonyesha alipo, na kwa miezi mingi tuliambiwa anakwenda mbali, anazamia, anaishi na wenzake. Kisha manyoya yake yakapukutika, kama yanavyopukutika kwa sili wote, kidude kikaanguka. Tukakosa habari zake.

Bustani iliuzwa. Mimi nilibaki nikifagia vizimba vya ndege wakati wanyama wakiondolewa mmoja mmoja. Hapo mtaalamu akanipigia simu. Kwenye bandari ndogo ya uvuvi kuna sili anapungia watalii mkono.

Nilikwenda. Yule mtaalamu alinipokea akiwa amekonda. Mambo yalikuwa hivi: kuna mtu pale bandarini anamwita sili kwa filimbi, watalii wanatoa chochote. Wavuvi wamechoka, nyavu zimechanwa, mmoja ameshasema atampiga risasi. Kuna bwawa jingine lililokuwa tayari kumpokea, ila sili haingii sandukuni kwa mgeni. Alitaka nimwite mimi, aingie, aishi.

Mtu mwenyewe alikuwa Mkongo wa Bukavu, anaitwa Bahati, mlinzi wa magari, koti la kung'aa begani. Nilikwenda pale nimejaa hasira. Aliposikia Kiswahili changu akavua kofia.

"Mama, shikamoo. Miye sikumuita huyu nyama. Nilipiga filimbi ya magari, akapanda ngazi, akakaa, akanipungia. Niliogopa nikamtupia kichwa cha samaki."

"Na kesho yake?"

"Kesho alikuya tena. Mama, niko na batoto wanne. Ungekuwa wewe ungemfukuza?"

Nilimwambia amwite. Alipuliza ili nione. Kwini akaja. Alikuwa na kovu refu shingoni na amekuwa mkubwa, lakini ni yeye, masharubu yale yale. Akabweka mara tatu, Bahati akatoa kichwa cha samaki. Hakuwahi kupuliza bila kutoa, nilimchunguza sana. Bila kufundishwa na mtu, aliishika sheria kuliko sisi.

Kisha ikawa zamu yangu. Nilisimama kwenye ngazi, sanduku wazi nyuma yangu, filimbi yangu ya zamani mdomoni, na safari hii mkononi nina sadini mnene, nimeuinua mkono auone. Nikapuliza. Kwini aliinua kichwa kutoka majini. Aliutazama mkono, akanitazama usoni. Nikapuliza tena. Nikamsemesha Kiswahili, maneno yale ya bwawani. Alikaa palepale, nje kidogo ya ninapofika, kisha akazama na hakutokea tena hadi tulipoondoka.

Mtaalamu alisema labda sikutambulika. Nilimwambia nimetambulika sana. Filimbi haikufa. Niliyekufa ni mimi.

Bahati alikataa kumwingiza sandukuni. Alisema akifanya hivyo atakuwa amemuuza. Sikumlaumu, wala mtaalamu simlaumu, wala hata yule mvuvi. Majira ya baridi Bahati alinipigia: anapuliza kila siku, Kwini haji. Nilimuuliza kama alisikia mlio wa bunduki. Akasema bandarini milio ni mingi. Huenda alikwenda kwa wenzake. Nimejaribu kuliamini hilo, siku nyingine naweza.

Sasa nimestaafu, miguu imevimba kwa sababu ya maji ya miaka ile. Mnaoingia kazi hii, sijui niwafundishe nini. Mkufunzi mkuu alikuwa na haki, mtaalamu alikuwa na haki, na sili alilipa kwa wote wawili. Filimbi nilimpa Mtanzania anayelinda jengo letu, yake ilikuwa imepasuka. Kila asubuhi anaipuliza kupanga magari barabarani. Mimi niko juu, ghorofa ya saba, naosha vyombo. Inapolia, mkono wangu wa kulia unashuka wenyewe pembeni ya nyonga, pale ndoo ilipokuwa ikining'inia, na vidole vinafunguka kutafuta samaki.