Lifti ya Mama Riziki

Jumamosi ile naikumbuka vizuri mno, Neema mwanangu. Hata sasa, nikikusimulia hapa jikoni kwangu New Hope, Minnesota, mwili unanisisimka.

Nilikuwa kijana, sijaolewa, wala sijui kama kuna Minnesota hii. Tuliishi Australia, katika mji mdogo wa makaa ya mawe, na nilikuwa nimepata uraia juzijuzi. Kule kupiga kura ni lazima, usipokwenda unatozwa faini. Na uchaguzi ule ulikuwa moto. Mgombea mmoja alitaka kinu cha umeme wa nyuklia kijengwe palepale kwetu. Mwingine akasema hakijengwi ng'o, tena yeye atashusha bei ya petroli. Mimi nilikuwa wa huyu wa petroli, roho na mwili. Kazini kwangu kulikuwa mbali, na kila nikipita kituo cha mafuta nilisoma bei nikanuna.

Siku hiyo ya kura nilimpa lifti ya kwenda kituoni Mama Riziki, mjane kutoka Uvira, Kongo, mzee wetu wa kanisa, naye raia mpya. Njia nzima nikampigia kampeni. Yeye kimya, mkoba mapajani. Kimya kile kikaniudhi, nikaropoka, "Mama, mafuta ya gari hili nimenunua mimi. Angalau kura yako unipe."

Akafungua mkanda. "Simamisha motokari."

Nikadhani ananitania.

"Simamisha, mutoto yangu. Esansi hiyo uliyonunua ni yako, baki nayo. Kura ni yangu, nitaenda nayo kwa miguu."

Alishuka kweli, akaanza kutembea juani. Mimi nyuma yake na gari, mwendo wa kobe, dirisha wazi, namsihi, na watu wananipigia honi. Ungeniona ungecheka sana. Lakini nilikuwa naogopa, maana magoti yake yalikuwa mabovu na kituo cha kura kilikuwa kinakaribia kufungwa. Angechelewa, kura ya kwanza aliyoingoja miaka yote ya ukimbizi ingepotea kwa sababu ya mdomo wangu.

Nikaegesha, nikamkimbilia, nikamwomba radhi palepale barabarani. Akajipangusa jasho.

"Nitapanda," akasema. "Lakini tukifika, miye ndiye nitauliza. Wewe utafsiri tu."

Kituo kilikuwa shuleni. Getini watu wa vyama wamejipanga, wanagawa karatasi za kukuelekeza umpe nani namba moja, nani namba mbili, maana kule wagombea unawapanga kwa namba. Mama Riziki akapokea za vyama vyote, kwa mikono miwili, akishukuru. Kisha akamgeukia kijana wa nyuklia. Taka za kinu chenu mtazizika wapi? Kijana akamwongezea karatasi nyingine. Akamgeukia dada wa upande wangu. Bei ya petroli mtaishusha kwa njia gani? Nilipolitafsiri swali hilo ndipo nikashtuka, kwa sababu mimi mwenyewe sikuwahi kuliuliza. Yule dada akacheka, akakiri kwamba hajui.

Mama akaingia. Alipotoka alikuwa anang'aa, mwanangu, anatembea kama hana magoti mabovu. Tukanunua soseji zinazochomwa pale nje siku ya uchaguzi, zikiwa ndani ya mkate na vitunguu, tukala tumesimama. Nikashindwa kujizuia, nikamwuliza amempa nani.

Akapangusa mdomo. "Nimempa niliyempa."

Ameshafariki, Mungu amrehemu. Siri yake ameondoka nayo, na mpaka leo inaniwasha.

Sasa nasikia utawabeba wazee wa kanisa siku ya kura, wa Apple Valley na wa Eden Prairie. Nimefurahi mpaka usingizi umenipaa! Huku nako maneno ni yaleyale, petroli na umeme, na upande wako naujua, stika ya gari lako nimeiona. Wabebe, mwanangu. Wakikuuliza, waambie unachokijua, na usichokijua sema hukijui. Watafsirie maswali yao yote, hata yale yanayouchoma upande wako. Lifti ukishatoa umetoa, usiidai kwa kura ya mtu.

Mungu akulinde barabarani. Akujazie gari hilo wazee, mrudi mkicheka njia nzima, na usijue hata mmoja wao amempa nani.