Magugu Yalipofunga Ufuo

Miaka michache iliyopita nilikuwa msimamizi wa manunuzi katika kiwanda kidogo cha chakula cha kuku, pale Kisian, karibu na ziwa. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha mashine haikosi cha kusaga. Soya ilitoka mbali kwa lori. Omena, wale dagaa wa ziwani, tuliletewa na mama mmoja wa ufuoni kila Jumatatu.

Jumatatu moja hakuja. Nikampigia simu.

"Madam, ziwa imefungwa," akasema. "Magugu imejaa, boti haiwezi toka."

"Mpaka lini?"

"Hiyo sasa uulize upepo."

Sikumwamini. Nilichukua bodaboda hadi ufuoni, nikamkuta ameketi kando ya boti, amekunja mikono. Maji hayakuonekana. Magugu maji yalikuwa yametanda kote, kijani kitupu, na ndege wakitembea juu yake kama wako shambani. Niliaibika kwa kumshuku, nikamwomba radhi.

Niliporudi kiwandani, mzee aliyeendesha mashine alikuwa mlangoni.

"Madam, tusage nini?"

Nikampigia bosi. "Usisimamishe mashine," akaniambia. "Na usibadilishe chakula. Wateja wamekizoea." Akakata. Bila omena, ningewezaje kuyafanya yote mawili?

Siku iliyofuata magugu yalikuwa palepale. Nikaamua tuweke soya nyingi mahali pa omena, nikaagiza lori lingine la soya. Mzee akasaga.

Jumatano upepo ukageuka, ukayasukuma magugu mbali. Mama akapiga simu akicheka. "Imefunguka! Watu wametoka, samaki wako juani. Kesho kutwa nilete?"

"Leta," nikasema. Kisha nikakumbuka lori. "Hapana, ngoja. Leta nusu."

"Madam, nusu na mimi nimekuanikia yote?"

Alikuwa amekaa siku kadhaa bila kuuza, na mimi ndiye niliyekuwa nikimwambia tunamtegemea. "Basi leta yote," nikasema, bila kujua nitaiweka wapi.

Ijumaa lori la soya na gari la omena vilifika pamoja, saa moja asubuhi. Stoo ikajaa. Mzee akazunguka, akarudi akikuna kichwa.

"Imebaki ofisi yako tu, Madam."

Magunia ya omena yakaingia ofisini. Nilifanya kazi kwenye korido, nguo zikinuka samaki mpaka dukani watu walinipisha.

Wiki iliyofuata mama mmoja mfugaji wa Migosi alikuja kuomba chakula kile kile cha soya nyingi. Kuku wake walikipenda. Siku hiyo hiyo mfugaji mwingine alirudisha gunia lake, akisema kuku wamekikataa kabisa. Nililinganisha kumbukumbu za usagaji wa magunia yao mawili mara tatu. Chakula chote kilisagwa siku ile ile.

"Sasa tufuate nani?" nikamuuliza mzee.

"Ata mimi sijui," akasema.

Baadaye nilimshawishi bosi tumtafute muuzaji wa pili wa omena huko Katito, na tujaribu mapema mchanganyiko mwingine kwa siku ambazo omena haipo. Alikubali, na mambo yakawa nafuu. Lakini nikiulizwa kama wiki ile niliamua vizuri, mpaka leo sijui niseme nini.