Paka Mkarimu wa Kikwajuni

Zimwi la utoto wangu lilikuwa na adabu zake. Lilikuwa na jicho moja, lilinuka, na kabla halijafika lilinguruma ili kila mwenye miguu apate nafasi ya kukimbia. Bibi yangu alitusimulia habari zake kila siku na hakuna hata mmoja wetu aliyeugua. Siku hizi watu wamestaarabika, wanasema mazimwi yanaharibu akili za watoto. Badala yake wametuletea katuni.

Najua ninachokisema, kwa sababu nimo ndani ya mojawapo. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili mstaafu, mjane, ninaishi Kikwajuni katika nyumba aliyoniachia marehemu mume wangu. Vijana fulani walikuja kutoka Bara kutafuta watu wa kutia sauti za Kiswahili kwenye filamu ya watoto ya kigeni. Walitaka Kiswahili cha Unguja, kile kinachotoka mdomoni kikiwa kimeshapigwa pasi. Jirani akawaelekeza kwangu. Sikujifanya mgumu. Nilivaa buibui jipya nikaenda.

Studio yao ilikuwa chumba kimoja huko Amani, kuta zote zimeegemezwa magodoro ili honi za barabarani zisiingie. Joto lake lingeivisha mkate. Kijana aliyesimamia kazi alinieleza kuwa mimi ni paka kizee anayekaa msituni, mwenye miwani na aproni. Vifaranga vya bata vinapotea njia, vinafika kwake, naye anavikaribisha chakula. Kila kifaranga kinachokula kinageuka kikombe. Paka anavipanga vikombe kabatini, anavifuta vumbi kwa kitambaa laini huku akiimba. Na vikombe vina macho, na macho yanapepesa.

"Hii ni ya watoto?" nikamuuliza.

"Miaka mitatu na kuendelea, bibi."

"Kuendelea mpaka wapi? Mie mtu mzima huyu, na nshaogopa."

Alicheka, akadhani namtania. Nilipoanza kazi nikanguruma kama zimwi, maana ndiyo elimu niliyokuwa nayo ya kutisha watu, naye akanisimamisha. "Hapana, bibi, usitishe. Huyu hagombi, hapandishi sauti tangu mwanzo mpaka mwisho. Waite kama unavyowaita wajukuu zako." Mjukuu ninaye mmoja tu, basi nikawaita kama ninavyomwita yeye: "Karibuni, wanangu. Njooni mle. Msione haya." Kijana alifumba macho kwa raha, akasema hiyo ndiyo hasa. Nilirudi nyumbani kichwa kimenivimba.

Filamu ilioneshwa kwenye televisheni sikukuu ya Idi, nami nilikuwa nimeshautangazia mtaa mzima. Watoto walijaa sebuleni kwangu, wavulana na kanzu zao mpya, wasichana na magauni yaliyokakamaa kwa marinda, wote chini kwenye mkeka. Walianza kwa kelele. Kifaranga cha kwanza kilipogeuka kikombe kelele zikapungua, na kufikia cha tatu ungesikia inzi akitua. Mwisho kifaranga kidogo kuliko vyote, ambacho kilikuwa kimekataa kula, kilivitupa vikombe chini kimoja kimoja, vikavunjika, na ndugu zake wakatoka wazima. Paka hakukasirika hata wakati huo. Alisimama mlangoni akitabasamu, akasema kwa sauti yangu: "Kwaherini, wanangu. Mtarudi tu, njaa itawarudisha."

Mimi nikainuka na sinia la visheti. Nikasema kwa moyo mkunjufu, "Karibuni, wanangu, msione haya."

Waligeuka wote pamoja. Walinitazama mimi, kisha wakalitazama kabati la vioo lililokuwa nyuma yangu. Nyumba gani mjini haina kabati kama lile, limejaa vyombo ambavyo hakuna aliyewahi kulia chakula? Langu lina vikombe vya harusi yangu, vyenye maua ya waridi, alivyonizawadia mama mkwe. Mlango haukuwatosha. Mama zao walikuja baadaye kuokota ndara na viatu, wanacheka mpaka wanashika mbavu, na visheti nikavila peke yangu mpaka nikakinai.

Kilichofuata kilinichekesha, mwanzoni. Watoto wakawa wanavuka upande wa pili wa njia wakiniona. Mama zao, walewale walionisomea somo kwamba hadithi za mazimwi ni ushamba, wakapata fimbo mpya: "Lala, au nikupeleke kwa bibi wa vikombe!" Baba mmoja alinisimamisha kunisifu, "Bi mkubwa, matamshi yako dhahabu tupu," huku amemficha binti yake nyuma ya kanzu.

Kicheko kilikatika mjukuu wangu alipoletwa. Ni mtoto pekee wa binti yangu pekee. Binti yangu na mumewe wanafanya kazi hotelini Paje, wakaamua mtoto aje akae kwangu aanze skuli mjini. Nilimtandikia kitanda, nikamfungia chandarua, nikamnunulia mkoba. Tangu mume wangu afariki, nyumba ile ilikuwa kimya kiasi cha kunichosha. Nilimngoja mtoto yule kwa hamu ambayo sikumwambia mtu.

Aliingia akanishika mkono. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Njoo ule."

Akauachia mkono wangu. "Nshakula," akasema, na macho yake yakaenda kwenye kabati.

Kumbe Paje nako filamu ilifika. Aliiona kwenye simu ya baba yake, tena na tena, kwa vile wazazi wake walikuwa wakijivunia sauti ya bibi. Kwangu akawa anakula biskuti alizokuja nazo mkobani na ndizi anazozimenya mwenyewe. Maji alikunywa kwenye chupa, kikombe hakukigusa. Nilizidi kumbembeleza, na kadiri nilivyombembeleza ndivyo alivyorudi nyuma. Siku moja akanionesha vikombe vya waridi, akaniuliza kwa heshima zote, "Bibi, hawa walikuwa watoto wa nani?"

Ualimu ukanipanda. Nikamkalisha nikamweleza kwamba yule paka si kitu cha kweli. "Yule ni mie tu," nikamwambia. Siku ile alikaa kizingitini mpaka jioni, mguu mmoja ndani na mmoja nje.

Sasa, anaye bibi mwingine Makunduchi, mama wa baba yake. Yule mama anaanza kugomba tangu adhana ya alfajiri. Anagomba kuku, anagomba mvua, anamgomba mtoto hata akiwa amelala. Mtoto anampenda kufa. Na mimi mwenye sauti ya kupigwa pasi sikuweza kumlisha hata tonge. Binti yangu akanipigia simu. "Mama, n'nakuomba usikasirike. Kama hali chakula kwako, Ijumaa babake anakuja kumchukua. Atakaa Makunduchi, atasoma hukohuko." Nilisema sawa, nikakata simu, nikalia.

Ijumaa ikafika. Nilikuwa jikoni nakuna nazi ya wali ambao nilijua hataula, nikasikia chombo kinavunjika sebuleni, na kabla sijainuka kikavunjika kingine. Nilimkuta amesimama juu ya kiti, kabati wazi, kikombe cha tatu mkononi. Vigae vilikuwa vimetapakaa sakafuni naye ameviinamia, anavitazama. Alikuwa akingoja watu watoke. Hakutoka mtu, na machozi yalikuwa yakimtiririka.

Hayo ya machozi niliyaona baadaye. Wakati ule niliona vikombe vyangu.

"Weye mwana weye! Una wazimu? Vikombe vya harusi yangu hivyo, n'navitunza tangu mamako hajazaliwa! Shuka! Shuka hapo, nikutie bakora zikuenee! Ukikatwa na vigae nani atakubeba hospitali, mie na magoti haya?"

Sijui Kiswahili kile kilikuwa kimejificha wapi miaka yote niliyofundisha. Majirani walitoa vichwa madirishani. Mtoto alishuka taratibu, amekikumbatia kikombe, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu aje.

"Bibi, unagomba?"

"Nnagomba, ndiyo! Na ntagomba mpaka Magharibi!"

"Paka hagombi," akasema. Akajifuta kamasi kwa mkono, akakiweka kikombe mezani kwa uangalifu mkubwa. "Umepika nini?"

Alikula wali kwa mchuzi wa samaki changu, akaongeza. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni nagomba bila kupumzika, kwa kuogopa nikinyamaza ataacha. Niligomba miiba, nikagomba namna anavyokaa, na makosa yake yaliponiishia nikaugomba umeme unaokatika. Baba yake alipofika alimkuta mdomo unang'aa mafuta. "Bibi kanigomba," mtoto akamwambia kwa fahari. Mkwe wangu alinywa chai yake, akapanda pikipiki akarudi Paje peke yake.

Tangu hapo mtaa unanisikia kila mchana, mwalimu mzima, namwita mtoto chakulani kwa matusi madogo madogo, naye anakuja mbio. Najiambia hakuna hasara, mtoto anakula.

Ila juzi alirudi skuli na mvua, amelowa chepe, anatetemeka, na mimi nikajisahau. "Njoo, mwanangu," nikamwambia. "Njoo unywe chai."

Alisimama palepale mlangoni. Hakunitazama mimi, alilitazama kabati, midomo yake ikihesabu vikombe vilivyobaki. Iliniuma, siwezi kusema uongo. Ile ndiyo sauti niliyomlelea mama yake, na sina nyingine nzuri kuliko ile.

Nikaikaza. "Unangoja nini hapo, mwizi weye? Ingia, unanilowesha sakafu!"

Akaja mbio, akanikumbatia kiunoni na maji yake yote.